Kutoka bahasha hadi mtandaoni: shajara ya mradi wa matamko ya mali

Shajara hii niliiandika kati ya Agosti 2023 na Julai 2024, nikiwa afisa wa kumbukumbu katika bodi ya utumishi wa umma ya kaunti moja ya pwani ya Kenya. Kaunti yenyewe siitaji, maana yaliyomo yanagusa mali za watu. Wakati ule tulikuwa chini ya Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003. Sheria hiyo imeshafutwa, na nafasi yake imechukuliwa na Sheria ya Mgongano wa Maslahi iliyotiwa saini tarehe 30 Julai 2025. Wajibu wa kutangaza mali umebaki palepale, na najua wenzetu wengi bado wanahangaika na makaratasi. Ndiyo sababu naitoa.

Jumatatu, 7 Agosti 2023

Leo nimeshinda kwenye chumba cha nyuma cha masijala. Masanduku ya 2019 na 2021 yamepangwa yakakaribia dari, mengine yamepigwa na unyevu hadi pembe zimelegea. Ndani ni bahasha za kaki zenye matamko ya mali ya maafisa, juu yake jina na namba ya mshahara. Nilitoa moja ya 2019 nikaisogeza dirishani penye mwanga. Gundi haijaguswa. Nikatoa nyingine, na nyingine tena. Zote zimefungwa vilevile zilivyoletwa.

Sheria inamtaka kila afisa wa umma, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa lango, atangaze kila baada ya miaka miwili mapato, mali na madeni yake, ya mumewe au mkewe au wake zake, na ya watoto anaowatunza walio chini ya miaka 18. Anayeajiriwa ana siku 30 za kutangaza, na anayeondoka kazini naye ana siku 30. Asiyeleta tamko, au anayeandika uongo, anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 1, kufungwa hadi mwaka 1, au vyote viwili.

Sasa, tangu nije hapa nimeona watu wakiandikiwa barua kwa kutoleta bahasha. Sijaona hata mmoja aliyeandikiwa kwa sababu ya kilichomo ndani ya bahasha. Angeandikiwaje, na bahasha haijafunguliwa? Dereva aliyelazwa hospitali Desemba nzima, mwezi wa mwisho wa kuleta bahasha, anaandamwa na barua, na aliyeficha nyumba tatu za kupangisha amelala usingizi mnono.

Nimemwambia katibu wa bodi jioni hii: mama, tukihamisha bahasha kwenye kompyuta halafu tukaziacha zimefungwa humo, tutakuwa tumetumia pesa za umma kununua kabati. Tamko liwekwe mahali linaposomeka, na liwekewe wa kulisoma. Amekubali niandike hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko la mradi.

Jumatano, 16 Agosti

Mwishoni mwa Julai eCitizen, mfumo wa serikali wa huduma za mtandaoni, ulishambuliwa na huduma zikayumba kwa siku kadhaa nchi nzima. Tangu hapo kila ninayemtajia neno mtandao ananiuliza, "Na zetu je?" Swali la haki.

Nimekaa na mwanasheria wa bodi tukapitia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Inahesabu mali ya mtu, hali yake ya ndoa, na majina ya watoto, wazazi na mwenzi wake kuwa taarifa nyeti. Fomu yetu ni hayo hayo, mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu lazima tufanye tathmini ya madhara yanayoweza kuwapata wenye taarifa. Itatugharimu majuma mawili na nimeyatoa bila kinyongo.

Tulichokubaliana: tamko likishatumwa hugeuzwa maandishi ya siri ambayo hata fundi wa seva hawezi kuyasoma. Kulifungua kunahitaji watu wawili kwa pamoja, na kila linapofunguliwa mfumo unaandika nani, saa ngapi, na kwa sababu gani. Orodha hiyo ya waliofungua mwenye tamko anaweza kuiona muda wowote. Hili la mwisho nimelipigania kuliko yote. Mwanasheria alisita kidogo, akasema itazua maswali. Nikamwambia izue.

Jumamosi, 26 Agosti

Jana usiku umeme ulikatika nchi nzima. Fundi wetu wa programu alikuwa ofisini akiujaribu ukurasa wa mali. Alikuwa ameandika kwa dakika kama arobaini, mashine ikazima, na alipowasha asubuhi hapakuwa na kitu. Kijana huyu ana subira lakini leo alikuwa kimya.

Kuanzia sasa kila kisanduku kikijazwa kinajihifadhi chenyewe kama rasimu. Mtu akitoka, akirudi anakuta alipoachia.

Jumanne, 12 Septemba

Jaribio la kwanza na watu halisi. Nimeomba nisiletewe maafisa wa makao makuu peke yao, na wa kwanza kuketi akawa mlinzi wetu wa lango, mzee aliyebakiza miezi michache kustaafu. Simu yake ni ya vibonyezo, na kompyuta hajawahi kuigusa. Nilikaa pembeni yake, mikono nimeiweka mapajani nisije nikamsaidia kabla hajakwama.

Jina, sawa. Mke, sawa. Mshahara alitoa karatasi yake mfukoni, imekunjwa mara nne, akausoma kwa sauti tarakimu moja moja. Mbuzi watatu. Akaniuliza, "Bei ya leo au ya Idi?" Sikuwa nimelifikiria. Tukaweka maelezo chini ya kisanduku: andika bei ambayo ungeuza tarehe ya tamko.

Alipofika kwenye ardhi ndipo mambo yalipokwama. Mfumo ulitaka namba ya hati miliki, na bila namba haukuruhusu kwenda ukurasa unaofuata. Mzee akasema shamba ni la marehemu babu yake, halijagawanywa, hati hakuna, na wao ni ndugu sita wanalima humo. Akajaribu kuruka, ukakataa. Akajaribu tena. Kisha akaandika sufuri nne, na mfumo ukazikubali.

Nimeziangalia zile sufuri nne nikaona tunachokijenga. Mtu mkweli tumemfundisha kuandika uongo ndani ya robo saa, kwa sababu fundi na mimi tulidhani kila shamba lina karatasi. Huku pwani kuna vijiji vizima vimekaa miaka bila hati, na ardhi za ukoo zisizogawanywa ni za kawaida kabisa.

Hakuwa amemaliza. "Na minazi?" Minazi ipi, nikauliza. Ana minazi kumi na mmoja kwenye shamba la jirani. Ardhi ni ya jirani, minazi ni yake, aliinunua kwa babake huyo jirani, na nazi ni yeye anayeangua. Kila aliyekulia hapa anajua kuwa mwenye shamba na mwenye minazi wanaweza kuwa watu wawili, lakini mfumo wetu haukuwa na pa kuiweka. Fomu ya sheria yenyewe haina tatizo hilo: imeacha nafasi wazi ya kueleza mali na thamani yake. Ni sisi tulioikatakata visanduku.

Madeni alikuwa na mkopo wa sacco na deni la simu, yaani pesa alizokopa kwa simu. La simu alisita kulitaja, akasema ni aibu. Nikamwambia, Mzee, deni ni deni, liandike.

Alipomaliza akavua miwani akaniangalia. "Na hii, mwanangu, nani ataisoma?"

Nilimjibu kwamba bodi itasoma. Nilijua wakati nasema kwamba sijui ni nani hasa ndani ya bodi, wala lini.

Ijumaa, 15 Septemba

Tumeondoa ulazima wa namba ya hati. Sasa mtu anachagua: ina hati, ina barua ya mgao, ya ukoo haijagawanywa, ya kukodi, nyingineyo. Ya ukoo inamtaka aeleze sehemu anayoitumia kwa maneno yake. Miti, mifugo na vyombo vya baharini vimepata mahali pake. Fundi aliongeza mashua na nyavu mwenyewe bila kuambiwa, babake ni mvuvi.

Jumanne, 3 Oktoba

Leo nimeona aibu, na naandika kama ilivyotokea.

Kwenye awamu ya pili ya jaribio mfumo ulikuwa unampa mtu nakala ya tamko lake ya kuchapisha. Afisa mmoja aliibofya akiwa kwenye kompyuta ya ofisi, na printa iliyounganishwa ni ile ya masijala, upande wa pili wa korido. Alipofika kuichukua, karatasi ilikuwa imeshikwa na karani aliyekuwa akitafuta yake. Kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na majina ya wake zake wawili. Karani yule anatoka mtaa mmoja na mke mkubwa, ambaye hakuwa na habari ya mwenzake.

Afisa hakupiga kelele. Alikuja ofisini kwangu akafunga mlango, akasema, "Mliniambia ni siri." Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kuomba radhi. Habari ilishafika nyumbani kwake kabla ya magharibi.

Ndoa yake si kazi yangu kuihukumu. Alitimiza sheria, akataja wote wawili kama inavyomtaka, na sisi ndio tuliomwangusha. Nimemwandikia katibu ripoti kamili. Uchapishaji wa tamko umeondolewa kabisa. Mtu akituma anapata stakabadhi yenye namba, tarehe na saa, basi. Akitaka kuliona tamko lake anaingia mwenyewe kwa neno la siri na namba inayotumwa kwenye simu yake.

Karani amehamishwa dawati. Mimi nadhani kosa lilikuwa letu kuliko lake.

Alhamisi, 19 Oktoba

Suala la shahidi limekwisha. Fomu inataka shahidi atie saini, na Sheria ya Habari na Mawasiliano inaitambua saini ya kielektroniki. Shahidi anapokea namba kwenye simu, anathibitisha kwamba amemwona mtu akitoa kiapo. Yaliyomo hayaoni. Kwenye karatasi shahidi alikuwa anasaini ukurasa wa mwisho huku kurasa nyingine ziko wazi mbele yake, kwa hiyo hapa tumepiga hatua.

Jumatano, 1 Novemba

Tumefungua. Leo ndiyo tarehe ya tamko: mali na madeni yanahesabiwa yalivyo leo, hata kama mtu atajaza Desemba, na mapato ni ya kuanzia 1 Novemba 2021 hadi 31 Oktoba 2023. Mwisho wa kutuma ni 31 Desemba.

Hadi saa sita mchana simu zilizopigwa karibu zote zilikuwa za swali moja: nikiuza gari wiki ijayo, nilitaje? Ndiyo, ulitaje, leo lilikuwa lako. Tumeiandika tarehe hiyo juu ya kila ukurasa kwa herufi nene, na hakuna anayeweza kuibadilisha.

Waliofanya haraka bila maswali ni wale wenye waume au wake walimu. Walimu walio chini ya TSC, Tume ya Utumishi wa Walimu, wamezoea kutangaza mtandaoni, na jioni watu wawili wameniambia walijaziwa mezani nyumbani baada ya chakula. Nimefurahi kwa sababu moja zaidi: mwenzi ameketi pale, ametaja mali yake mwenyewe. Kwenye karatasi wengi walikuwa wanakisia, au wanaacha wazi.

Jumatatu, 13 Novemba

Mvua za El Niño. Barabara mbili za kwenda wadi za bara zimekatika, na Jumamosi usiku umeme umekatika tena nchi nzima. Seva ilibaki hewani kwa jenereta. Wafanyakazi wa zahanati za huko hawana mtandao wala njia.

Mkuu wa utumishi ameshauri warudi kwenye karatasi, halafu makarani wetu waziingize kwenye mfumo. Nimekataa, na ni mara ya kwanza tumekwaruzana. Karani akiingiza tamko la mwenzake tumerudi kule kule kwa printa ya Oktoba. Tulipofikia: karatasi itapokelewa, stakabadhi itatolewa, mtu asihesabiwe amechelewa. Njia ikipona, tutampelekea kipakatalishi aingize mwenyewe, sisi tumegeuza mgongo.

Jumatatu, 11 Desemba

Umeme jana usiku tena, mara ya tatu tangu Agosti. Rasimu zote zimesalimika.

Jana hiyo hiyo kijana mmoja wa idara ya fedha aliniuliza kwa nini matamko haya hayawekwi wazi kwa kila mtu, kama Ukraine walivyofanya mwaka 2016, ambapo wananchi walifungua kompyuta wakaona viongozi wao wametangaza mamilioni ya dola taslimu. Kwetu sheria inasema anayetaka kuona tamko aombe, na aonyeshe ana maslahi halali na sababu nzuri. Maoni yangu ni haya: la mlinzi wa lango libaki siri, maana hana madaraka ya kuuza. La anayetia saini zabuni liwe wazi. Mfumo wetu unaweza kutenganisha makundi hayo siku yoyote Bunge likiamua. Kwenye masanduku ya bahasha isingewezekana.

Jumanne, 2 Januari 2024

Tarehe 31 iliangukia Jumapili. Karatasi ingetaka mtu wa kupokea dirishani, mfumo ulipokea hadi saa sita usiku, na fundi na mimi tulikaa ofisini hadi mwisho. Tamko la mwisho liliingia likiwa limebakiza dakika nne. Muuguzi wa zamu, ametuma kutoka wodini kwa simu.

Ijumaa, 23 Februari 2024

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Bodi imeteua wasomaji watatu, nami nikiwa mmoja, na imetoa idhini tufungue bahasha za 2021 za maafisa wa manunuzi na wa ardhi ili tulinganishe na matamko mapya.

Bahasha ya kwanza niliibandua gundi kwa mvuke wa birika isije ikachanika. Fomu ilikuwa na jina, namba, saini na shahidi. Mahali pa mali pameandikwa maneno matatu: "Kama ya awali." Mahali pa madeni: "Kama ya awali." Tukatafuta ya awali, ya 2019. Nayo imeandikwa "Kama ya awali." Ya 2017 haipo, sanduku lake liliharibiwa na maji.

Tulibaki tumeikodolea macho meza. Miaka minne mtu huyu ametimiza sheria kwa kila kipimo tulichokuwa nacho: alileta bahasha, akatia saini, alikuwa na shahidi. Hakutangaza hata sufuria. Na hakuwa peke yake kwenye rundo lile.

Jambo hili limeamua ubishi tuliokuwa nao na fundi. Yeye alitaka tamko la 2025 lije limeshajazwa kutoka la 2023, mtu abadilishe palipobadilika. Ni rahisi kwa watu wengi na nilikuwa nimekaribia kukubali. Sasa nimekataa. Majina ya familia yaje yenyewe, orodha ya mali ije, lakini kila thamani iwe tupu na mtu aiandike upya. Kitufe cha kukubali yote kwa mkupuo kingekuwa ni "Kama ya awali" iliyovaa nguo mpya.

Barua za kuomba ufafanuzi zimeanza kutoka. Sheria inaturuhusu kuomba ufafanuzi, na kwa kumbukumbu zilizopo hizi ndizo za kwanza kuhusu yaliyomo. Lugha yake nimeihariri mara tatu iwe ya heshima. Mtu anaulizwa, hajashtakiwa.

Majibu mawili yamerudi. La kwanza: mtu alirithi, ana karatasi za kadhi, limekwisha. La pili ameomba aongezewe muda.

Alhamisi, 11 Julai 2024

Mlinzi wetu amestaafu na leo amekuja kutoa tamko la mwisho, siku 30 hazijaisha. Alivaa kanzu na koti. Neno la siri alikuwa amelikariri. Alijaza mwenyewe, kidole kimoja, kama dakika ishirini na tano. Mbuzi sasa ni wawili. Deni la simu amelimaliza, deni la sacco limebaki kidogo. Minazi kumi na mmoja, ardhi si yake, aliandika hivyo kwenye maelezo bila kuuliza.

Alipotuma nikamwomba asitoke kwanza, nikamwonyesha ukurasa wa waliosoma tamko lake la Novemba. Lilikuwa limefunguliwa mara moja, mwezi wa Machi, kwenye sampuli ya wale tuliotaka kuhakiki visanduku vya ardhi. Majina mawili, tarehe, saa, sababu.

Akayasoma polepole. Jina la pili ni langu.

"Kumbe ni wewe uliyesoma."

"Ni mimi, Mzee, na mwenzangu huyo."

Akauliza kama na la leo litasomwa. Nikamwambia matamko ya mwisho yanasomwa yote, na likifunguliwa simu yake itapata ujumbe. Akatoa simu ya vibonyezo akahakikisha namba iliyo kwenye mfumo ndiyo hiyo hiyo, kisha akachukua stakabadhi yake.